‘Kuingia’ si ‘kuingiza’: Uzito wa kazi ya mkalimani kortini

MAKWASINYI ni kijiji kilicho chini ya mlima Kasigau, katika eneo la Voi, Kaunti ya Taita Taveta. Nilifika huko majuzi kumpa pole mwanafunzi wangu wa zamani aliyefiwa na babake. Baada ya chai, mzee mmoja aliyenizidi umri kwa miaka ishirini hivi alisogeza kiti chake karibu na changu. Nilimpa shikamoo, akaipokea. Alikuwa ameambiwa kwamba mimi ni mwalimu wa lugha.

“Mwanangu,” akaanza, “wewe unayefundisha Kiswahili, hebu niambie. Mbuzi wakiingia mahali, na mtu akiingiza mbuzi mahali, hayo ni mamoja?”

Nikamjibu kwamba si mamoja hata kidogo.

“Basi mimi nililipa faini kwa sababu ya neno hilo,” akasema.

Kisa chake ni hiki. Usiku mmoja ndovu walikuja wakavunja zizi lake. Mbuzi wakatawanyika kwa hofu, wengine wakavuka mpaka na kuingia katika ranchi jirani. Alfajiri mzee akawafuata kwa nyayo zao. Alipowapata, naye akapatikana. Alifikishwa katika korti ambayo sitaitaja, akasomewa shtaka la kuingiza mifugo katika ardhi ya wenyewe bila idhini. Alipoulizwa anaelewa lugha gani, alisema Kiswahili. Karani akamsomea na kumuuliza kama ni kweli. Mzee akajibu: “Ni kweli, waliingia.”

Maneno yaliyoandikwa katika faili, kama alivyokuja kuelezwa baadaye na mjukuu wake, yalikuwa mawili tu: ni kweli. Hilo la pili, ‘waliingia’, lilipotelea njiani. Maelezo ya kesi yakasomwa kwa Kiingereza, akaulizwa tena, akaitikia tena. Korti ikahesabu kwamba amekiri kosa. Aliuza mbuzi kadhaa ili alipe faini iliyotokana na mbuzi.

Mpenzi msomaji, kisa hiki kimenifanya niweke kando mada niliyokuwa nimeiandaa kwa wiki hii. Nataka tujadili kazi ya mkalimani kortini, kazi ambayo sisi wanalugha tunaisifu madarasani lakini hatuifuatilii inakofanyika.

Hebu tuanze na sarufi. ‘Ingia’ ni kitenzi katika kauli ya kutenda. ‘Ingiza’ ni kauli ya kutendesha, yaani kuna mtu aliyesababisha tendo litokee. Mbuzi akiingia, tendo ni lake mwenyewe. Mtu akimwingiza, mbuzi ni mtendwa na mtu ndiye chanzo. Lugha nyingi za Kibantu, zile za Taita zikiwemo, zina njia ya kuonyesha tofauti hii ndani ya kitenzi. Mzee hakuhitaji kwenda chuo kikuu ili aijue. Alipojibu “waliingia” hakuwa akirudia shtaka kwa maneno mengine. Alikuwa akilisahihisha. Kwa sarufi yake alikuwa amekana kosa, na kwa faili alikuwa amelikiri.

Huenda msomaji akauliza, si alisema mwenyewe kwamba anaelewa Kiswahili? Alisema. Nilimuuliza mbona hakuomba mtu wa kumwelezea kwa Kikasigau. Akacheka kidogo. “Mbele ya watu wote wale niseme sijui Kiswahili? Kisha nionekane mtu wa namna gani?” Mzee hutumia Kiswahili kila siku, dukani na kwenye matatu. Lakini Kiswahili cha kununua sukari na Kiswahili cha hati ya mashtaka si kimoja. Swali la “Unaelewa lugha gani?” huulizwa haraka, na wengi huitika kwa heshima au kwa kuona haya. Kuna pia jambo la majina. Mtu wa nje akisikia lugha yoyote ya kaunti hii huandika ‘Kitaita’, ilhali Kidawida, Kisaghala na Kikasigau si kitu kimoja. Mkalimani wa ‘Kitaita’ anaweza kuletwa, na bado mshtakiwa asipate lugha yake.

Sheria yetu inasemaje? Katiba ya 2010 haina utata. Kifungu cha 49 kinataka mtu anayekamatwa aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 50(2)(m) kinampa mshtakiwa haki ya kusaidiwa na mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha inayotumiwa katika kesi. Kabla ya Katiba hiyo, sheria ya mwenendo wa mashtaka ya jinai, Sura ya 75, ilikuwa tayari imeagiza katika kifungu cha 198 kwamba ushahidi unaotolewa kwa lugha asiyoielewa mshtakiwa ukalimaniwe mbele yake kortini. Kifungu hicho hicho ndicho kinachosema kwamba lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili.

Kuhusu kukiri kosa, kuna uamuzi wa mwaka 1973 ambao kila wakili wa Kenya anaujua, kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka hatua za kufuatwa. Shtaka na viungo vyake vyote muhimu yafafanuliwe kwa lugha ya mshtakiwa au lugha anayoielewa. Maneno yake mwenyewe yaandikwe, na ikiwa yanaonyesha kukiri, ndipo korti inakili kwamba amekiri. Kisha kiongozi wa mashtaka aeleze mambo yalivyotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga au kuyafafanua. Akiyapinga, au akisema jambo lolote linalotia shaka kukiri kwake, korti ibadilishe na kuandika kwamba amekana.

Tazama jinsi uamuzi huo ulivyo wa kiisimu. Majaji hawakutosheka na ‘ndiyo’ au ‘hapana’. Walitaka maneno yenyewe ya mshtakiwa. Lau “waliingia” lingeandikwa, hakimu yeyote makini angeuliza, “Waliingiaje?” Na hapo habari za ndovu zingejitokeza.

Sasa, ni nani hubeba mzigo huu wote? Kwa kawaida katika korti zetu za chini ni karani, yule anayeita kesi, kupanga faili na kuwaapisha mashahidi. Juu ya hayo yote, anageuka mkalimani. Sisemi makarani hawajui kazi. Nimewaona kortini walio hodari kuliko wengi wenye shahada. Lakini kujua lugha mbili ni jambo moja, na kukalimani ni jambo jingine. Mfasiri anashughulika na maandishi, ana kamusi na muda wa kufuta na kuandika upya. Mkalimani anafanya kazi kwa mdomo, papo hapo, na neno likimtoka halirudi. Sikwambii akiwa pia anawaza faili ya kesi inayofuata.

Nitatoa mifano michache ya maneno madogo yanayoweza kumponza mtu.

Kwanza ni saa. Shahidi akisema “saa mbili usiku”, kwa hesabu ya Kiingereza ni saa nane. Mkalimani aliyechoka akitaja mbili, tukio limesogezwa kwa saa sita. Mshtakiwa aliyekuwa na watu wa kumshuhudia kwamba alikuwa nyumbani jioni hiyo anajikuta akiulizwa alikuwa wapi usiku wa manane.

Pili ni jibu la ‘ndiyo’. Wakili akiuliza, “Hukumwona mshtakiwa?” Mswahili aliyekuwa hakumwona hujibu, “Ndiyo.” Anakubaliana na kauli: ni kweli, sikumwona. Kwa Kiingereza mtu huyo angejibu kwa neno la kukana. Mkalimani akihamisha ‘ndiyo’ kama ilivyo, rekodi inaweza kusomeka kwamba shahidi alimwona. Maana inapinduka kichwa chini miguu juu, na hakuna aliyesema uongo.

Tatu ni ‘mkono’. Kwetu mkono unaanzia begani hadi kwenye vidole. Kiingereza kina neno la kiganja na vidole, na neno jingine la sehemu iliyobaki. Shahidi akisema alikatwa mkononi, na fomu ya P3 ikitaja jeraha karibu na bega, wakili mjanja anaweza kumfanya aonekane mwongo kwa sababu ya neno alilochaguliwa na mtu mwingine. Vivyo hivyo kwa ‘mguu’, na kwa ‘ndugu’, ambaye anaweza kuwa kaka, dada, binamu au mtu wa ukoo tu.

Nne ni nafsi. Kanuni ya kazi hii ni kwamba shahidi akisema “Mimi nilikuwa shambani”, mkalimani naye aseme “Mimi nilikuwa shambani” kwa lugha ya pili. Lakini mara nyingi tunasikia “Anasema ati alikuwa shambani.” Hiyo ‘ati’ si neno la shahidi. Ni mkalimani anayejitenga na anachokisema, na bila kukusudia anatia shaka mahali ambapo shahidi hakutia.

Tatizo hili halikuanza jana, wala si la Kenya peke yake. Katika kesi ya Kapenguria, iliyoanza mwishoni mwa 1952, ambapo Jomo Kenyatta na wenzake walishtakiwa kuhusiana na Mau Mau, mkalimani wa Kikikuyu alikuwa Louis Leakey, mtaalamu wa mambo ya kale. Leakey alizaliwa Kabete na kukua akikisema Kikikuyu. Hakuna aliyeweza kumwambia kwamba hajui lugha. Hata hivyo, wakili mkuu wa utetezi, D. N. Pritt, alilalamika kwamba mtu huyo hakuwa wa katikati, na hatimaye Leakey akaiacha kazi hiyo. Kwa hivyo umahiri wa lugha haujitoshelezi. Mkalimani lazima aaminiwe na pande zote mbili.

Uingereza nayo ina kisa chake. Mwaka 1981, mjini Birmingham, mwanamke mwenye asili ya Pakistan aliyeshtakiwa kumwua mumewe alichukuliwa kuwa amekiri, akapewa kifungo cha maisha. Ilipofika 1985 Mahakama ya Rufaa ilifuta hukumu hiyo, maana ilibainika kwamba yeye na aliyekuwa akimkalimania hawakuwa wakielewana sawasawa. Hakuwa ameelezwa akaielewa tofauti ya kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia. Naona mzee wangu wa Makwasinyi na mama huyo wangeelewana vizuri, hata kama hawana lugha moja.

Marekani ilipata funzo mwaka 1970, pale mahakama ya rufaa ilipoamua kesi ya mtu wa Puerto Rico aliyeshtakiwa kwa mauaji huko New York. Ushahidi mwingi ulitolewa kwa Kiingereza, yeye akawa anapewa muhtasari tu wakati wa mapumziko. Mahakama ilisema huko si kusikizwa. Mwaka 1978 ikapitishwa sheria ya wakalimani wa mahakama za serikali kuu, ikaleta mitihani ya kuwathibitisha. Afrika Kusini imechukua njia ya kuwaajiri wakalimani kama wafanyakazi wa kudumu wa mahakama, na kazi hiyo imekuwa na heshima yake tangu zamani. Sol Plaatje, aliyekuwa katibu wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC na ambaye alimfasiri Shakespeare kwa Kitswana, alikuwa mkalimani wa korti huko Mafeking mwishoni mwa karne ya 19. Ufaransa mahakama za rufaa huweka orodha za wataalamu walioapishwa, wakalimani wakiwemo.

Jirani zetu wa Tanzania wamefuata njia nyingine: badala ya kuongeza wakalimani, wamebadilisha lugha ya mahakama. Mahakama za mwanzo zilikuwa zikitumia Kiswahili kwa miongo mingi, huku hukumu za Mahakama Kuu zikiandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, Kiingereza kikibakia pale ambapo haki inakihitaji. Mimi ni mpenzi wa Kiswahili na nilifurahi. Lakini tusijidanganye. Mmaasai au Mhadzabe asiyekimudu Kiswahili bado anahitaji mkalimani. Na hapa kwetu, kisa cha mzee kilitokea kwa Kiswahili! Lugha kubwa ikichukua nafasi ya lugha kubwa nyingine, mwenye lugha ndogo bado yuko mlangoni.

Funzo ninalolithamini zaidi lilitoka Arusha, katika Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda. Hukumu ya Jean-Paul Akayesu, iliyotolewa Septemba 2, 1998, ina sehemu nzima inayojadili maneno ya Kinyarwanda. ‘Inyenzi’ kwa maana ya kamusi ni mende. Lakini lilipotamkwa na nani, lini na mahali gani, ndipo lilipogeuka kuwa jina la watu wa kuuawa. ‘Ibyitso’ ni washirika au wasaidizi, ila mwaka 1994 mtu aliyeitwa hivyo aliweza kupoteza maisha. Majaji hawakumwachia mkalimani mzigo wa kuamua peke yake maana ya maneno hayo. Walimwita mwanaisimu, Mathias Ruzindana, atoe ushahidi wa kitaalamu. Mkalimani akapitisha neno, mtaalamu akalieleza, majaji wakaamua. Kila mtu na kazi yake.

Basi tufanye nini? Nina mapendekezo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji ghorofa jipya.

Mosi, jibu la mshtakiwa liandikwe kama alivyolitamka, kwa lugha aliyoitumia, kisha tafsiri ifuate. Hilo ndilo walilotaka majaji wa 1973. Mahakama ya rufaa ikilipata faili lenye “Ni kweli, waliingia”, itaona kasoro hata miaka kumi baadaye. Ikipata “ni kweli” peke yake, haina pa kushika.

Pili, swali la lugha lisiwe la kuitikia tu. Hakimu amwambie mshtakiwa, “Hebu nieleze kwa maneno yako umeshtakiwa kwa kosa gani.” Dakika moja ya maelezo hayo hupima uelewa kuliko ‘ndiyo’ kumi.

Tatu, kuwe na orodha ya wakalimani waliofunzwa, walioapishwa na kulipwa, wa lugha zinazosemwa katika eneo la kila korti. Voi si Wundanyi, wala si Taveta. Katika ukanda wa Kasigau, mbali na wenyeji, kuna Waduruma, Wakamba na wafugaji Wasomali, sembuse watu wanaotumia lugha ya ishara, ambayo Katiba inaitambua. Lugha ikijulikana na watu wawili tu katika chumba kizima, mkalimani na mshtakiwa, hakuna wa kumsahihisha mkalimani. Ndiyo maana lazima awe amefunzwa kabla hajaingia mle ndani. Na hapa nawageukia wenzangu wa vyuo vikuu. Tunafundisha tafsiri na ukalimani kila muhula, tunawapima wanafunzi kwa hotuba za marais na mikutano ya kimataifa. Ni mara ngapi tumewapa hati ya mashtaka na mzee wa kijijini? Lawama hii naanza kujipa mwenyewe.

Nawe msomaji, ukijikuta kizimbani au ukiwa na jamaa yako huko, kumbuka kwamba “Sielewi” ni jibu halali. Si aibu, wala si ukaidi. Ni haki iliyoandikwa katika Kifungu cha 50, na haitozwi hata senti.

Kabla sijaondoka Makwasinyi, mzee alinikumbusha jambo ambalo watoto wa Kasigau hulisikia kwa babu zao. Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwashuku watu wa mlima huo kwamba waliwasaidia Wajerumani. Wakawaondoa kwa nguvu na kuwapeleka Malindi, ambako wengi walifariki. Ilipita miaka mingi kabla ya waliosalia kurudi.

“Wale hawakuulizwa neno,” akasema. “Mimi niliulizwa, na nikajibu. Ila jibu langu halikufika.”

Nilimuuliza kama alikata rufaa. Akasema siku za kukata rufaa zilipita kabla mjukuu wake hajamsomea kilichoandikwa kwenye faili. Mbuzi aliowauza hawatarudi. Aliniomba jambo moja tu, kwamba nikirudi nyumbani niliandike neno lake kama alivyolisema. Nami nimeliandika: waliingia.